Donge la Mti wa Ubani

Donge la unga wa mchele na nazi lilikuwa kiganjani mwa Mama Rumondang, bado halijafinywa likapata alama za vidole. Mumewe alisimama mlangoni, kikapu mgongoni, akilingoja ili aupelekee mti wa ubani.

"Finya basi, mke wangu. Wenzangu wamekwisha kupanda mlimani."

"Wafuate."

"Niwafuate na kinyongo chako? Mti utaninyima utomvu, nirudi na majani ya kufukizia mbu!"

Alisema kweli. Pale kijijini hakuna mwanamume aliyethubutu kugema ubani hali ameacha ugomvi nyumbani; alama za vidole vya mke kwenye donge ndizo zilizoonyesha kwamba hana kinyongo, na msimu ulikuwa ukingoni.

"Basi niondolee hicho kinyongo. Binti yako amekubaliwa chuo cha uuguzi mjini Medan, nawe wamwambia abaki kupalilia kahawa."

"Akienda harudi. Nitajie mmoja aliyerudi."

Mama Rumondang aliitazama nyumba ya jirani, iliyobakiwa na vikongwe wawili na nguruwe wao, akajua kwamba hilo nalo lilikuwa kweli.

"Unga unakauka," akasema.

Mumewe akashusha kikapu, akageukia shamba la kahawa.

"Rumondang!" Akaita tena kwa nguvu zaidi. "Rumondang! Acha kupalilia, mwanangu. Njoo ufungashe nguo zako."

Huko shambani jembe likanyamaza, na Mama Rumondang, vidole vikiwa vimezama katika unga, akajikuta anaomba binti asiwe amesikia.