Kipande Kilichokubali

Vipande vinne vya marekebisho vilikataa kuingia.

Teodosia alikuwa akijaribu kuingiza marekebisho ya marehemu kaka yake kwenye programu huria ya kupimia mvua, inayoandikwa na watu wengi kwa kujitolea. Katika miaka mitatu tangu azikwe Naipingo, wenzake walikuwa wameibadilisha mistari yote aliyoirekebisha, tena vizuri zaidi.

Kipande cha tano kilikubali. Kilikuwa mstari mmoja tu: jina la kaka yake, kwenye orodha ya waliochangia kazi.

"Wameipokea kazi ya kaka yako?" mama aliuliza kutoka barazani. Vidole vyake, vyeusi kwa mafuta ya maganda, viliendelea kubangua korosho.

"Bado naangalia, mama."

"Watampokea tu. Yule alikuwa mbishi!"

Teodosia aliisoma orodha nzima, akatafuta kazi ya kila mtu ndani ya programu. Kila jina lilikuwa na kazi yake, isipokuwa la kaka yake.

Akaanza kuufuta ule mstari, herufi moja moja, kutoka mwisho.

Zilipobaki herufi mbili, alimsikia mama akimwita jirani: "Mama Kassian, njoo usikie! Mwanangu anapokelewa leo."