Mzizi Wenye Uzi Mweusi

Nesi Melania alivuta taratibu, na mzizi ukatoka ukeni mwa mgonjwa, mrefu kama kidole, umezungushiwa uzi mweusi, ukinuka usaha.

"Nani kakuwekea?"

"Mama mkwe, sista. Ili nishike mimba." Meno yalimgongana kwa homa.

Melania aliutia mzizi kwenye bakuli, akatoka nao barazani amefura kwa hasira. Mama mkwe alikuwa ametulia kwenye benchi pamoja na mke mdogo wa mwanawe, aliyeolewa msimu huu wa pamba.

"Yule mkubwa nilichelewa kumtibu," mama mkwe alisema kwa upole, hata kabla hajaulizwa. "Huyu nimemuwahi."

Melania alimgeukia yule binti. Alikuwa amekaa upande, mapaja kayabana, na damu ilikuwa imeshafika kwenye vikuku vyake vya shaba miguuni.