Barabara Tupu

Kwa mara ya nne Bibi Ersilia aliikataa picha, na safari hii Oreste mchoraji alipandwa na hasira kweli. Aliagizwa achore bonde linaloonekana kutoka dirishani kwa bibi huyo, naye alilichora lote, na ukungu wake wa asubuhi. Bibi akasema barabara ni tupu. Oreste akaongeza mkokoteni. Bado tupu. Akaongeza ng'ombe, kisha padri juu ya punda. Kwani yeye ni mchoraji wa mabonde au wa magulio?

"Mama, yamenifika kooni!" alifoka. "Barabara imejaa hivi, nawe bado waniambia tupu? Unamtaka nani humo?"

Bibi Ersilia alisogea dirishani. "Ana koti la kijivu," alisema. "Mguu wa kushoto anauburuta kidogo. Ni mwanangu, aliyeondoka kwa barabara hii."

Oreste akamfuta padri na punda wake kwa kitambaa, akachovya brashi nyembamba kwenye rangi ya kijivu, akainama. Kabla ya kugusa picha, akainua kichwa.

"Mama," aliuliza taratibu, "nimchore akija, au akienda?"

Bibi hakugeuka. Alikuwa bado anaitazama barabara.