Utepe wa Kioo cha Gari la Baba

"Kandamiza, dada, gundi ishike," kaka akaniambia.

Nikaukandamiza utepe wa chuma ukingoni mwa kioo cha mlango, kwenye gari kuukuu alilotuachia baba. Kaka aliapa kwamba mwizi aliubandua kwa bisibisi kutokea nje, akafungua mlango na kutokomea na saa ya marehemu.

Lakini kioo kwa nje hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nikainama, nikachungulia. Mikwaruzo yote ilikuwa kwa ndani, na funguo za gari anazo kaka peke yake.

Mwizi gani huyo, anayeingia kwanza ndipo avunje?

"Unangoja nini?" akauliza.

"Nasubiri gundi. Hebu nipe bisibisi yako."

"Ipi?" akajibu, upesi mno.