Kiu ya Ng'ombe wa Fundi Cherehani

Maji ya ndoo yaliisha kabla sijaitua vizuri. Ng'ombe akaendelea kulamba chini, ulimi wake ukikwaruza plastiki kavu kama msasa.

Nilimbana ngozi ya shingo kwa vidole viwili, nikaachia. Ngozi haikurudi; ikabaki imesimama kama pindo la shati.

"Mama, huyu ana kiu tu," nilimwambia jirani yangu, kifua mbele. "Kwenye cherehani wewe ni fundi, sikatai, lakini ng'ombe hashonwi. Nani alikufundisha kumnyima maji?"

Alikuwa ameishika kamba kwa mikono miwili. Nyuma yake udongo ulikuwa bado mbichi pale tulipomfukia ndama wake jana.

"Si wewe, mwanangu? Siku ile dukani ulisema akinywa sana, maziwa yatakuwa maji matupu. Nikawa nampa nusu ndoo kutwa nzima. Hata akilia, najikaza."

Nilikumbuka wenzangu pale dukani walivyoshika mbavu kwa kicheko, nami nikajiona bingwa wa maneno.

Ningeweza kusema hakunielewa, naye angekubali.

"Mama, ule ulikuwa utani. Nilikuwa nakucheka."

Akanipangusa tope begani kwa ncha ya khanga.

"Acha hizo. Unitanie kwa roho ya mnyama? Wewe huna moyo huo, nakujua tangu unatambaa."

Akaokota ndoo, akanipa.

"Haya, mjuzi wangu, niambie. Nimwongeze kiasi gani?"