Boga la Vumilia

Vumilia alipofunua sufuria, harufu ya boga la nazi ikajaa darasani. Ndipo akaiona meza: maboga mabichi, na watoto wenye kalamu wakiyachora macho na meno, desturi ya huko kila Oktoba.

Barua ya shule ilisema kila mzazi alete boga. Yeye alilipika.

Akarudisha kifuniko haraka. Aibu yake angeimeza. Ya binti yake, hapana. Tangu wahamie nchi hii ya ugenini mwezi Agosti, mtoto huyo alikuwa hajatamka neno darasani, na sasa wenzake walikuwa wanacheka.

"Hicho nini?" mmoja akauliza.

Mwalimu alifungua mdomo kujibu. Kisha akaufunga, akamtazama binti, akangoja.

Binti akasimama. Vidole vyake viling'ang'ania ukingo wa meza mpaka kucha zikawa nyeupe.

"Ni boga," akasema kwa Kiingereza, sauti ikikwaruza. "Mama yangu amelipika. Acheni kucheka, pangeni mstari."

Mwalimu akawa wa kwanza, sahani ya karatasi mkononi.

Vumilia alitaka kumwambia asante. Akampakulia vipande vitatu, vile vikubwa, na tui juu yake.