Sifuri ya Kweli

Daftari la majaribio ya dawa lilimtaka Zamda aandike muwasho wake kila siku, kuanzia sifuri hadi tatu. Kwa wiki sita aliandika sifuri, ingawa mabaka yalimwasha mwili mzima. Alimwonea huruma Nesi Tabu, msimamizi wa majaribio, aliyeitumainia sana dawa ile.

Leo aliamka ngozi imetulia kama maji ya mtungini, akahisi ameazima mwili wa mtu mwingine. Akaenda kliniki.

"Nesi, sifuri zote nilikudanganya. Ya leo tu ndiyo ya kweli."

"Mama wee! Sasa nani ataiamini, dada yangu?"

Zamda alivua mtandio, akailaza mikono yake mitupu mezani. Nesi akasogeza kiti, akaanza kuitazama taratibu, kuanzia ncha za vidole.